Safari ya DX7: Kutoka Mtwara Hadi Newala

Jumatatu, Mtwara mjini

Kinanda cha Yamaha DX7 ninachosafiri nacho kilitoka Japani kikiwa kimetumika, na kwa sababu hiyo kinataka umeme wa volti 100. Leo asubuhi mimi na mpwa wangu tumekijaribu kwenye transfoma inayoshusha volti 230 za nyumbani, tukaridhika kwamba kinawaka vizuri, kisha tukakizima na kufungua skrubu zake ili kubadilisha betri ya kumbukumbu. Betri hiyo ni bapa na ya duara, aina ya CR2032, nayo imechomelewa kwa risasi moja kwa moja kwenye saketi, hivyo haitoki mpaka risasi iyeyushwe. Ikiisha nguvu, sauti zote 32 zilizohifadhiwa ndani ya kinanda hupotea. Kwa hiyo mpwa wangu alizihamishia kwanza kwenye kompyuta yake kwa waya wa MIDI, unaowezesha vinanda na kompyuta kuwasiliana, ndipo akaanza kuyeyusha risasi polepole huku nikimshikia tochi. Hewa ya chumvi ya Shangani imekwisha kuacha kutu kwenye vichwa vya skrubu, lakini saketi yenyewe bado ni safi.

Nimepiga kinanda kwenye harusi na sherehe za Mtwara kwa miaka mingi, na jambo linalonisumbua ni kwamba sote tunapiga sauti zilezile zilizowekwa na kiwanda. Fidla utakayoisikia kwenye harusi ya Ligula utaisikia pia kwenye harusi ya Masasi, na Jumapili utaikuta kanisani ikisindikiza wimbo wa matoleo. Chombo kilichobuniwa ili mtu aunde sauti yake mwenyewe tumekigeuza kuwa ghala la sauti za watu wengine. Nimekusudia kupita Mikindani, Lindi, Masasi na Newala, nikae na wapigaji wa kila mahali, tuunde sauti zinazotokana na masikio yetu wenyewe na kuzihifadhi ndani ya DX7 hii. Mpwa wangu, ambaye hutengeneza midundo ya singeli kwa kompyuta, amekubali kunisindikiza ingawa hakubaliani nami. "Mjomba," aliniambia wakati akirudisha skrubu, "sauti ya kiwandani haina kosa. Kosa ni kuiacha ilivyo."

Wapigaji wengi huiona DX7 kuwa ngumu, na ni kweli kwamba haimpi mtu vishikizo vya kuzungusha. Kila kitu hupangwa kwa tarakimu kwenye kioo kidogo. Lakini wazo lililomo ndani yake ni jepesi kulieleza. Mwaka 1967, John Chowning, mtunzi wa muziki katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alikuwa akijaribu mtikisiko wa sauti kwa kutumia kompyuta. Mwimbaji anapotikisa sauti yake, noti hupanda na kushuka kidogo mara tano au sita kwa sekunde. Chowning aliongeza kasi ya mtikisiko huo hadi ukafika mamia ya mara kwa sekunde, na hapo sikio lake likaacha kusikia mtikisiko, likasikia sauti mpya yenye rangi nyingine kabisa. Kwa mawimbi mawili tu, moja likilitikisa jingine, aliweza kupata kengele, tarumbeta na ngoma. Stanford iliikodishia Yamaha haki ya kuutumia ugunduzi huo, na mwaka 1983 DX7 ikaingia sokoni ikiwa na kii 61, uwezo wa kutoa noti 16 kwa pamoja, na mawimbi sita kwa kila sauti ambayo huweza kuunganishwa kwa namna 32. Mwaka huohuo ndipo ilipoanza MIDI, lugha ya pamoja ya vinanda iliyosukumwa mbele na Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi, mwasisi wa Roland ya Japani. Bila makubaliano hayo ya watengenezaji waliokuwa wakishindana sokoni, waya wa mpwa wangu usingekuwa na la kufanya leo asubuhi.

Jumanne, Mikindani

Tulikuja kwa bajaji, DX7 ikiwa imefungwa kwenye blanketi na kulazwa mapajani mwetu kwa sababu ina uzito wa kilo 14 hivi na haivumilii kurushwarushwa. Mikindani hatukuihitaji. Vijana waliotualika hukutana kwenye baraza la nyumba ya zamani ya mawe inayotazama ghuba, ambako hakuna umeme, na hapo tulitumia kinanda kidogo cha Korg monologue kinachoweza kutumia betri sita za tochi. Hutoa noti moja kwa wakati mmoja tu. Sifa yake kubwa kwa mafunzo ni kioo kinachochora umbo la wimbi wakati ule ule linapolia, na nilitumia karibu saa nzima kwenye kioo hicho peke yake.

Niliwaonyesha wimbi lenye umbo la meno ya msumeno, nikawaomba wasikilize ukali wake, kisha nikafunga filta, sehemu inayochuja ukali wa sauti, kidogo kidogo. Kwenye kioo meno yale yalianza kulainika, ncha zikapotea, mwishowe ukabaki mstari unaopanda na kushuka taratibu. Na katika spika, sauti iliyokuwa ikikereza ikawa nene na ya upole. Kijana mmoja aliyekuwa akishona wavu aliuacha, akauliza kama chombo hicho kinaweza kutoa honi ya meli zinazoingia bandari ya Mtwara. Swali lake lilikuwa zuri kuliko mfano wowote niliokuwa nimeuandaa. Tulichukua mawimbi mawili mazito, tukaliteremsha moja chini ya jingine kwa kiasi kidogo mno, na papo hapo yakaanza kugongana na kutoa ule mvumo unaopanda na kushuka ambao kila mtu wa pwani hii anaujua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kishikizo na kukiacha pale alipotaka.

Njia hii ya kuunda sauti, ya kuanza na wimbi nene na kulipunguza, ndiyo iliyoenezwa na Robert Moog. Mwaka 1964, akiwa na mtunzi Herbert Deutsch, alitengeneza huko jimbo la New York mfano wa kwanza wa sintesaiza yake, yaani chombo kinachounda sauti kwa umeme, ambayo kila sehemu yake iliongozwa na nguvu ya umeme: volti moja ikiongezeka, noti inapanda oktava moja. Wengi waliisikia kwa mara ya kwanza mwaka 1968, Wendy Carlos alipotoa santuri ya muziki wa Bach uliopigwa wote kwa Moog. Mitambo ile ilikuwa na ukubwa wa kabati na haikubebeka kirahisi hadi ilipotoka Minimoog mwaka 1970. Upande wa pili wa Marekani, San Francisco, Don Buchla alikuwa akijenga mtambo wake kwa ajili ya watunzi Morton Subotnick na Ramon Sender, lakini hakutaka kuuwekea kii nyeupe na nyeusi. Aliona kwamba mtu akiwekewa kii za piano atapiga muziki wa piano, na badala yake akaweka vibati vya kugusa kwa kidole. Moog ndiye aliyeshinda sokoni, lakini mimi binafsi naona hoja ya Buchla inatuhusu zaidi sisi wa huku, na huenda Lindi ikanithibitishia hilo.

Jumatano, njiani kwenda Lindi

Basi lilijaa, na siku nzima ilikwenda kwenye kupakia, kushusha na kutafuta mahali salama pa kulaza kinanda. Jioni tulipima umeme wa nyumba tuliyofikia kabla ya kuchomeka transfoma. Kwa miaka mingi mikoa yetu imepata umeme unaozalishwa kwa gesi ya Mnazi Bay, na nilipoona taa nyekundu ya DX7 ikiwaka nilifurahi kwamba hata nguvu inayotikisa mawimbi yake imetoka chini ya ardhi yetu.

Alhamisi, Lindi

Leo imekuwa siku kubwa ya safari hii hadi sasa. Mzee aliyetukaribisha ni mpiga udi tangu ujana wake, na tulimkuta ukumbini amekaa na wenzake wachache wa taarabu pamoja na bibi mmoja anayeheshimika mjini kwa kuongoza ngoma za pepo. Baada ya shikamoo na kahawa, mzee aliniomba nipige kinanda akifuatishe kwa udi. Tulikwenda vizuri mpaka alipoingia maqamu ya Rasti, mpangilio wa noti wa Kiarabu, hapo akaacha kupiga.

"Mwanangu," alisema, "kinanda chako kinanilazimisha nisimame mahali nisipotaka kusimama."

Alikuwa na haki kabisa. Noti ya tatu ya Rasti huangukia katikati ya kii nyeupe na kii nyeusi, na DX7 ya kwanza haina njia ya kuihamisha noti moja peke yake. Toleo la baadaye, DX7II, ndilo lililokuja na uwezo wa kupanga mizani, yaani umbali kati ya noti na noti. Monologue inao uwezo huo tangu kiwandani, na katika kuutengeneza Korg walishauriana na mwanamuziki Mwingereza Richard D. James, anayejulikana kwa jina la Aphex Twin. Kila noti inaweza kupandishwa au kushushwa kwa senti, ambapo nusu toni moja ina senti 100. Vitabu husema noti ile ishushwe senti 50, na ndivyo nilivyofanya. Mzee alitikisa kichwa. Akaniomba nipandishe kidogo, akapiga uzi wake, akasikiliza, akaniomba nipandishe tena, kisha nirudi nyuma kidogo. "Hapo. Usiguse tena." Kioo kilisomeka 38 chini ya noti ya kawaida. Tulipofika noti ya saba alitaka kiasi kingine tofauti, na hakuwa na haja ya kutafuta: aliimba, nami nikamfuata. Mpwa wangu aliandika namba zote na kuziingiza kwenye faili la mizani, kwa sababu programu ya bure iitwayo Dexed, inayoiga DX7 ndani ya kompyuta, hukubali mafaili ya namna hiyo. Kwa njia hiyo sauti ya DX7 ikapigwa Lindi katika Rasti ya mzee yule, na udi ukapigwa pamoja nayo bila kusimama.

Masimulizi ya taarabu ya Unguja husema kwamba Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni, ala ya nyuzi nyingi, na kwamba mbegu ya taarabu ilitoka huko. Ndiyo maana nilitaka watu wa Lindi wamsikie mtu mwingine wa Cairo, Halim El-Dabh, ambaye alizaliwa mwaka 1921 na ambaye jina lake hutajwa mara chache mno tunapozungumzia waasisi. Mwaka 1944 aliazima kutoka kituo cha redio mjini Cairo kinasasauti kilichotumia waya wa chuma, kwa kuwa utepe wa sumaku ulikuwa bado haujaenea, akaenda nacho kwenye zari, shughuli ya wanawake ya kutuliza pepo. Aliporudi studio alizipitisha sauti zile kwenye chumba cha mwangwi, akapunguza sehemu za chini za sauti na kubakiza zile za juu zinazovuma, akarekodi upya juu ya alichokwisha kurekodi. Kazi hiyo aliionyesha hadharani Cairo mwaka huohuo. Pierre Schaeffer wa Ufaransa, anayepewa heshima ya kuanzisha muziki wa sauti zilizorekodiwa, alitangaza kazi yake ya kwanza, iliyotokana na milio ya treni, mwaka 1948. Mwafrika alikuwa amemtangulia kwa miaka minne, na ninaona ni wajibu wetu kulisema hilo kila tunapopata nafasi.

Kipande kilichobaki cha kazi hiyo ni kifupi, dakika mbili hivi. Tulikicheza kwenye spika ndogo bila kueleza kilivyotengenezwa. Wanaume walisikiliza kwa heshima. Bibi aliinua mkono kabla hakijaisha na kusema, "Hao ni wanawake, na wamekwisha kufika mbali." Nilimweleza ni nini, naye hakuonyesha kushangaa, alitaka tu kujua kama wanawake walikuwa wakirekodiwa tu au walishika mitambo pia.

Nilifurahi kumjibu, kwa maana walishika. Daphne Oram alikuwa mmoja wa waanzilishi wa karakana ya sauti ya BBC mwaka 1958, kisha akaondoka mwaka uliofuata ili kujenga mtambo wake unaogeuza michoro kuwa sauti: msanii huchora mstari kwenye utepe wa filamu, na mtambo huusoma mstari huo kwa mwanga. Delia Derbyshire, aliyeingia karakana hiyohiyo baadaye, alitengeneza mwaka 1963 muziki wa kufungulia kipindi cha televisheni cha Doctor Who uliotungwa na Ron Grainer, kwa kukata vipande vya utepe na kuviunganisha kimoja kimoja, noti baada ya noti. Alipenda pia kugonga kivuli cha taa cha chuma, kurekodi mlio wake na kuuchambua hadi apate malighafi ya sauti nyingine. Bibi alitaka kusikia kivuli cha taa. Alipogundua kwamba hatuna, alimtuma mjukuu wake alete sinia, akaligonga mwenyewe kwa pete yake karibu na ukingo, na mpwa wangu akalirekodi. Mlio wa sinia lile una noti mbili za juu zinazopingana, na tulikaa mpaka saa nne usiku tukitafuta uwiano wa mawimbi unaokaribiana nao kwenye DX7. Tuliukaribia vizuri, na sauti hiyo imehifadhiwa.

Ijumaa, njiani kwenda Masasi

Tuliswali Ijumaa Mnazi Mmoja, kisha tukapanda gari la kwenda Masasi kupitia Mtama na Ndanda. Msimu huu wa Julai mikorosho inatoa maua na wakulima wanapuliza salfa, hivyo madirisha yalifungwa na harufu ikaingia vilevile. Mpwa wangu alinipa kisikizi kimoja cha simu yake, yeye akabaki na kingine, tukasikiliza Waafrika waliochukua sintesaiza na kuipeleka walikotaka: William Onyeabor wa Nigeria, aliyerekodi huko Enugu kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na katikati ya miaka ya 1980 nyimbo ndefu za kinanda zinazokwenda bila haraka, Francis Bebey wa Kameruni, aliyeiunganisha sanza, ala inayopigwa kwa vidole gumba, na mashine ya ngoma, na Hailu Mergia wa Ethiopia, ambaye mwaka 1985 alirekodi kodiani pamoja na Moog na mashine ya ngoma akiwa Marekani. Kwa Mergia tulirudia mara kadhaa. Kodiani yake inazunguka mizani ya kwao bila kuomba ruhusa, na mashine ile iliyotengenezwa ng'ambo inaifuata nyuma kwa unyenyekevu.

Jumamosi, Masasi

Kwaya iliyotupokea inajiandaa kwa ibada ya kesho na haikuwa na muda wa mazungumzo marefu. Kinanda chao ni Casio kidogo ambacho noti yake ya "fa" ilikuwa haisikiki, na kwa kuwa waimbaji wanajifunza kwa do-re-mi, kila walipofika "fa" mwalimu aliiimba mwenyewe kwa sauti kubwa. Tulikifungua. Chini ya kii za vinanda vya aina hii kuna utepe wa mpira wenye vidonge vyeusi vya kaboni, ambavyo vikishika vumbi au mafuta ya vidole haviunganishi tena saketi. Mpwa wangu alivifuta kwa pamba yenye spiriti, akasafisha na sehemu ya saketi inayoguswa, akakausha, akafunga. Noti ililia, na sopranu wakapiga vigelegele.

Nilipoanza kulaumu midundo ya kiwandani iliyomo ndani ya kinanda kile, mpwa wangu alinijibu kwa historia, mbele ya kwaya nzima lakini kwa adabu. Mwaka 1980, Casio ya Japani ilimwajiri Okuda Hiroko, binti aliyekuwa ametoka tu chuo cha muziki na aliyewahi kuandika tasnifu kuhusu rege. Miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kuandaa midundo ya kinanda kidogo cha nyumbani, MT-40. Karibu na mwaka 1985, mmoja wa midundo hiyo uliangukia mikononi mwa vijana wa Jamaika. Mtayarishaji King Jammy akaupunguza mwendo, Wayne Smith akauimbia wimbo wa "Under Mi Sleng Teng", na muziki wa densiholi ukaingia zama za kidijiti kwa mdundo wa kiwandani. Hoja hiyo ina uzito, nami nimeikubali kwa sehemu: mdundo ule ulipata uhai kwa sababu watu waliutoa mahali ulipowekwa. Bado nasimamia kwamba kwaya inayoweza kuwa na sauti yake isiridhike na sauti iliyokuja na sanduku.

Kabla ya kuondoka tuliwaundia kengele. Chowning mwenyewe alipochapisha ugunduzi wake mwaka 1973 alitoa mfano wa kengele: wimbi la mizunguko 200 kwa sekunde likitikiswa na jingine la mizunguko 280, yaani uwiano wa 1 kwa 1.4. Tuliandika 1.00 kwenye wimbi la kwanza na 1.40 kwenye la pili, tukaacha mlio ufifie kwa muda mrefu. Mwalimu wa kwaya aliomba ifanywe nzito zaidi ili ikaribiane na kengele ya kanisa lao, na hilo lilichukua dakika chache.

Jumapili, Newala

Tulipanda kwenye uwanda wa juu wa Makonde jioni. Baridi ya Newala mwezi huu humshangaza mtu wa pwani, na ukungu ulikuwa umeshuka kabla hatujapata chakula.

Jumatatu, Newala

Wapiga sindimba walituita uani kwa mzee wao tangu asubuhi. Walikuwa na ngoma za ukubwa mbalimbali, zikiwemo vinganga, ngoma ndogo zenye mguu mmoja uliochongoka unaochomekwa ardhini. Kabla ya kupiga, waliwasha moto wa nyasi na kuzigeuza ngozi zake kuelekea moto, wakigonga kwa kidole mara kwa mara. Nilikuwa karibu nikisikiliza. Mwanzoni ngozi yenye unyevu wa ukungu ilitoa mlio uliolegea, usio na noti yoyote ya kushika. Kadiri ilivyokauka, mlio ulikaza na kupanda, na ghafla ukawa noti kamili. Mpigaji aliiondoa ngoma motoni wakati huohuo, wala hakumwuliza mtu.

Mfano mwingine wa Chowning ulikuwa ngoma ya mbao: mizunguko 80 ikitikiswa na 55, uwiano ambao kwenye DX7 huandikwa 1.00 kwa 0.69. Tulianza na namba hizo. Sauti ilitoka ya ngoma kweli, lakini ya ngoma isiyo na kwao. Mzee alituelekeza kwa mkono wake juu ya kinganga: pigo la kiganja katikati huanza juu kidogo na kushuka mara moja. DX7 ina sehemu inayoongoza kupanda na kushuka kwa noti nzima, na hapo tuliongeza mteremko mfupi sana mwanzoni mwa pigo. Kisha tukalipa wimbi linalotikisa nguvu kubwa kwa kitambo kidogo tu, ili kiganja kisikike kinapogusa ngozi. Kila badiliko lilipigwa, likafuatiwa na pigo la ngoma halisi, na wapigaji wote walitoa maoni. Jua lilipozama tulihitaji tochi ya simu, kwa sababu kioo cha DX7 ya kwanza hakina taa ndani yake.

Usiku ngoma ilipochanganya, niliona jambo ambalo sikulifikiria nilipopanga safari hii. Kadiri baridi ilivyozidi, ngozi zililegea, milio ikashuka, na waimbaji wakashuka nazo bila kuambizana, hadi ngoma ziliporudishwa motoni na wote wakapanda tena. Kinanda changu kilibaki palepale nilipokiacha. Mzee alisikiliza, akasema, "Ngoma yako haichoki. Kwa hiyo haipumziki pamoja nasi."

Mpwa wangu, aliyekuwa amenipinga tangu Mtwara, ndiye aliyeelewa kwanza. Sintesaiza za kwanza za Moog nazo zilichoka: saketi zake zilibadili noti kadiri joto lilivyobadilika, na mpigaji alilazimika kuzirekebisha jukwaani. Wahandisi walihangaika miaka mingi kuondoa udhaifu huo, na vinanda vya kidijiti kama DX7 viliuondoa kabisa. Halafu wapigaji wakaanza kuukumbuka, hata Dave Smith, yule wa MIDI, alipounda Prophet '08 mwaka 2007 aliweka ndani yake kipimo cha makusudi cha kuziyumbisha noti. Kwenye DX7 tunacho kishikizo cha kurekebishia noti za kinanda chote kwa pamoja. Tulikubaliana kwamba kijana mmoja wa sindimba akae karibu nacho, akiteremshe taratibu ngozi zinapolegea na kukipandisha zinaporudi motoni. Alifanya hivyo hadi karibu na alfajiri, akiwa amefumba macho muda mwingi.

Jumanne, Newala

Leo tumehifadhi. Kumbukumbu ya DX7 hufungwa isibadilishwe kwa bahati mbaya, hivyo kila mara ni lazima kuondoa kinga kwanza kwa kubonyeza "NO" kinapouliza. Jina la sauti haliwezi kuzidi herufi na tarakimu kumi, na "KINGANGA 1" imeenea sawasawa. "KINGANGA 2" ni ya mpwa wangu: pigo lilelile, ila mlio wake umekatwa mapema ili usirundikane katika mwendo wa singeli. Mzee alisikiliza mdundo wake, akaomba usogezwe nyuma kidogo, na mpwa akausogeza bila ubishi.

Benki nzima ya sauti 32 za DX7 ni faili la baiti 4,104 tu, dogo kuliko picha yoyote ya simu. Tumelituma Mikindani, Lindi na Masasi kwa WhatsApp pamoja na faili la mizani ya Rasti. Lindi wamejibu kwamba bibi anataka sinia lake lisikike refu zaidi, na Masasi wanauliza namna ya kuifungua kengele kwenye Dexed. Kesho asubuhi tunaelekea Tandahimba, ambako wapiga sindimba wameitwa kwenye harusi na wamekubali tupige nao, kwa sharti kwamba ngoma zianze na kinanda kifuate.